Nilikudanganya Juu ya Dungu

Baba yangu mpendwa,

Mpunga umeanza kujaa maziwa upande wa mfereji, na kwelea kwelea wameshafika. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujaniuliza kama nimekula. Leo asubuhi nimepanda dungu letu la kufukuzia ndege peke yangu, nikapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Mama ameshapata mtu wa kuamia ndege kuanzia Jumapili, kwa sababu Jumamosi napanda treni kwenda Dar, na kutoka huko naenda Ujerumani. Viza imetoka, baba.

Unakumbuka ulivyojua habari zenyewe? Nilikuwa nimemaliza chuo cha uuguzi, cheti kiko kabatini, ajira hakuna. Mchana najitolea kwenye zahanati kule Shanwe, na alfajiri niko huku Mwamkulu kulinda mpunga. Nikaanza kujifunza Kijerumani kwa simu, kimyakimya, juu ya hilo dungu. Siku moja nikaziba masikio yote mawili kwa spika za masikioni, nikafumba macho ili maneno yaingie vizuri. Ndege wakashuka. Nilipofumbua macho walikuwa wamemaliza jaruba zima la mpunga la pembeni, na wewe umesimama kwenye tuta, baiskeli mkononi.

Nilijua leo nakula fimbo, ukubwa wangu wote huo. Wewe ukachuma suke moja, ukalisugua viganjani, ukapuliza. Makapi matupu. Ukaniuliza nilikuwa nasikiliza nini kitamu kuliko chakula. Nikasema kweli, kwamba nataka kwenda kufanya kazi Ulaya, na huko hawakuchukui bila lugha yao. Ukayakung'uta makapi viganjani, ukasema, "Toa hivyo vitu masikioni, mayu. Sema kwa sauti, ndege nao wasikie."

Mayu, yaani mama. Ulianza kuniita hivyo tangu sijaota meno, kwa kuwa nimerithi jina la mama yako. Basi kuanzia siku hiyo nikawa nafukuza ndege kwa Kijerumani. Mama Limi, jirani yetu wa shamba la pili, alimfuata mama kumuuliza kama nyie wazazi mna habari kwamba binti yenu amepandisha mashetani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sikuwa nimekuona ukicheka hivyo tangu ng'ombe wetu wa mwisho waugue.

Lakini mchana mmoja, tukiwa tunakula ugali na mlenda hapo hapo juu, hukucheka. Ulinisimulia ulivyotoka Shinyanga kijana mdogo, ukiswaga ng'ombe nyuma ya kaka zako, mkitafuta malisho huku Katavi. Mama yako alisimama kwenye mlango wa zizi. Ukamwambia unakwenda msimu mmoja tu, utarudi. Kila mpita njia aliyetoka huku alimuuliza habari zako, misimu ikapita, na taarifa ya msiba ilikukuta uko machungani, ameshazikwa zamani. Ukasukuma sahani pembeni.

"Ukiwa tayari kuondoka, usinitajie siku ya kurudi," ukasema. "Niambie tu unaenda."

Nami nikajibu, "Miaka miwili tu, baba."

Ukageuka kuangalia mpunga.

Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshasoma masharti yote, najua kwamba mafunzo ya kazini huko peke yake ni miaka mitatu, na moyoni nilishapanga kukaa huko zaidi ya hapo, pengine maisha yangu yote. Niliogopa ungekataa. Hapana, ngoja niseme kweli angalau leo: niliogopa usingekataa, ungenyamaza tu na kuniangalia, na mimi ningeshindwa kuondoka. Wewe ulinifungulia mlango, mimi nikapita dirishani.

Halafu nikaenda Dar kufanya mtihani wa lugha, ukakaa kwenye dungu kwa niaba yangu. Ulianguka ukiwa unashuka. Mama anasema ulimi ulikuwa unakuwia mzito, lakini ulikataza nisipigiwe simu mpaka nitoke kwenye chumba cha mtihani. Nikatoka nafurahi, nimejibu vizuri, ndipo simu ikaita. Safari yote ile ya treni mpaka Mpanda, na nilikukuta umeshafunikwa shuka. Nilikukasirikia, baba. Mpaka leo nina kahasira kadogo. Nani alikwambia mtihani ni mkubwa kuliko wewe?

Nilifaulu. Barua ya kazi ilipokuja niliificha chini ya godoro. Mama akawa ananisukuma niende, mimi nazungusha maneno. Ningeendaje, wakati radhi yenyewe niliichukua kwa uongo? Kila nilipojaribu kufunga begi nilikuona umegeukia mpunga.

Miezi michache iliyopita Mama Limi alikuja kumsalimia mama. Katika kupiga stori akasema kumbe ule ugonjwa wangu wa kupiga kelele ulikuambukiza na wewe. Zile siku nilizokuwa Dar ulishinda juu ya dungu unahesabu Kijerumani, moja mpaka kumi, kwa sauti kubwa. Kila ukifika saba unarukia tisa, unarudi mwanzo. Akakuuliza, mzee mzima unasomea nini? Ukamjibu, "Yule mtoto harudi karibuni. Akizalia huko, wajukuu zangu nitawasalimia kwa lugha gani?"

Ulijua. Tangu siku ile ya mlenda ulijua, ukaamua usinibane, ukaanza kusoma.

Nililia, baba, mpaka Mama Limi akajuta kusema. Kesho yake nikaitoa barua chini ya godoro.

Na leo, kabla jua halijawa kali, nimesimama pale unaposimama wewe, kundi la ndege likiwa limetanda juu ya majaruba, nikalisema kwa sauti lile uliloniomba: Baba, naenda. Siku ya kurudi siitaji, siijui. Ndege wakaruka wote. Nikaanza kuhesabu kama wewe, nilipofika saba nikaenda tisa.

Wajukuu wako wakija, nitawafundisha hivyo hivyo.

Pumzika, baba. Shamba liko salama.

Mimi binti yako,
Mayu wako