Nilipoitika kwa Jina la Sandro

Jumanne, 2 Juni

Daftari, niwie radhi. Tangu Ramadhani sijakufungua. Ulikuwa chini ya nguo za mwanangu Nasra, umepata na doa la juisi. Sikuwa na la kuandika. Au nilikuwa nalo, nikalala nalo. Kazi, treni, mtoto, usingizi.

Zamu ya asubuhi leo kwenye nyumba ya wazee. Nimetoka nyumbani Macquarie Fields giza bado, Bakari ndiyo kwanza anarudi kutoka ghalani kwao. Tumepishana mlangoni kama majirani. Mume huyo.

Wazee sita mkononi mwangu. Watano nimewaogesha bila shida. Wa sita ni Mister Renzo. Hilo "Mister" si adabu ya sisi wahudumu, amelitaka mwenyewe. Kwao Italia kocha wa mpira huitwa hivyo. Kabla ya ukocha alikuwa mshambuliaji, namba tisa. Mfupi, lakini magoli yake mengi ya kichwa. Klabu ya Waitaliano wa hapa Sydney ilimleta akiwa kijana. Siku za wiki wakampa kazi ya kiwanda cha matofali, Jumapili wakampa jezi. Goti likamharibikia, akashika filimbi ya kocha.

Ukutani kwake picha mbili. Katika moja yuko hewani, mpira kwenye paji la uso, mabeki wawili wamebaki chini wanamtazama. Ya pili ni timu aliyoifundisha. Mchezaji mmoja wa katikati amebandikwa plasta usoni. Plasta ya kidonda. Ikibanduka Mister anaomba nyingine. Leo nimempa. Sikuuliza.

Alhamisi, 4 Juni

Nimekosea.

Nilikuwa bafuni kwake nasuuza taulo. Akaita kutoka kitandani: Sandro! Akaita tena: Sandro! Kwetu Tanga mzee akiita mara mbili asiitikiwe ni aibu ya nyumba nzima. Nimelelewa hivyo, kwa kofi. Mdomo ukatangulia akili.

"Abee!"

Nikatoka. Ananitazama, lakini si mimi anayemwona. Akanishika mkono na povu lake. Akalia. Akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: umekuja, nilijua utakuja. Nikamwambia, mimi Mwanaidi, Mister. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kama mtu anayejua anafichwa jambo.

Sijui Sandro ni nani. Mkono wangu bado una baridi ya vidole vyake.

Jumapili, 7 Juni

Carla, binti yake, amekuja kumtazama. Nimemuuliza tukiwa kwenye maegesho. Ameegemea gari, hakunitazama usoni.

Sandro ndiye wa kwenye plasta. Miaka ishirini na mbili. Mister alimtoa timu ya watoto akamfanya mshambuliaji kama yeye. Alimfundisha kuruka kabla beki hajafikiria kuruka. Akawa anakula kwao, analala kwao. Nusu fainali, mapumziko, Sandro akasema kifua kinambana. Mister akamwambia: mimi nimecheza na mbavu imevunjika, kifua ni cha kutulizia mpira. Nipe dakika kumi tu.

Dakika ya nane akaanguka. Hakuguswa na mtu, na hakuinuka tena.

Mister aliendelea kufundisha. Klabu nyingine, vitongoji vingine, mpaka kombe akachukua. Ila hakumpa tena mchezaji yeyote jezi namba tisa. Miaka yote hiyo jezi za timu zake zilitoka nane zikaenda kumi. Watu walidhani ni ujanja wa kiufundi.

Nami nimeitika kwa jina hilo. Astaghfirullah.

Jumanne, 9 Juni

Mister hali chakula. Siku ya tatu leo.

Kijiko kikifika mdomoni anafunga. Anasema: Sandro, kwanza niambie umenisamehe, halafu nitakula. Kwa upole, kama anayeomba chumvi. Nikamwambia: Mister, mimi si Sandro. Sandro sina. Supu ninayo. Akageukia ukuta.

Meneja ameniita. Ananikumbusha mafunzo: mzee wa namna hii, aliyepotewa na kumbukumbu, usibishane naye, ingia katika anachokiona. Sema umesamehe, ale, tuandike amekula. Kosa lake sioni. Ni kweli tumefundishwa hivyo. Mama mmoja hapa humtafuta mumewe aliyekufa, namwambia yuko kazini. Hilo nasema kila siku wala halinikeri.

Hili siwezi.

Furaha, mwenzangu wa Bukavu, amenicheka jikoni. "Weye dada, sema tu ndiyo, mzee akule! Mungu iko anaelewa." Nikamwambia basi kaseme wewe. Akaacha kucheka. "Miye? Hapana. Si weye uliitika?"

Ndiyo. Mimi niliitika.

Jumatano, 10 Juni

Niandike kwa nini siwezi, nijue mwenyewe.

Chuoni kwa Bi Mkubwa, utotoni tukisoma Kurani, tulifundishwa haki ya mja. Ukimkosea Mungu, Mungu anaifuta. Ukimkosea mtu, hata Mungu anamngoja yule mtu. Akishakufa wanangojwa watu wake. Sasa mimi ni nani? Nimepita na taulo. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimeiba kitu kwa maiti nikampa mgonjwa. Naye atashiba, atakufa akidhani amelipa.

Lakini na njaa inaua. Hilo nalo nalijua.

Jioni nakata vitunguu, nikasikia Sandro! Wazi kabisa, sauti ya Mister, hapa jikoni kwangu. Nikaitika. Nasra akainua kichwa kwenye katuni zake akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nani kakuita? Nikasema hakuna. Akasema, basi mbona umejibu?

Nimemchukua nikamkalisha juu ya meza pale karibu yangu. Nilimdanganya eti anisaidie. Nilikuwa naogopa.

Ijumaa, 12 Juni

Nimempigia Mama Tanga. Nilitaka anipoze, kanigombeza. "Hujafunzwa wewe? Sauti usiyomwona mwenyewe huitiki! Na jina lisilo lako ndiyo kabisa." Nikamwambia, mama, ni mzee, aliita mara mbili. Akasema: "Basi umeshalibeba. Lipeleke kwa wenyewe, usilale nalo."

Kazini midomo ya Mister imepasuka. Nimeipaka mafuta. Maji anakubali, kwa kijiko. Daktari amesema hali isipobadilika wiki hii Mister atakuwa hana nguvu ya kurudi. Amemwambia Carla ajiandae.

Kwenye korido leo nimesikia njumu. Vile vyuma vinavyogonga saruji wachezaji wakitoka vyumbani. Tik, tik, tik. Nikageuka. Kitoroli cha dawa, gurudumu bovu. Lakini Mister naye alikuwa amegeuka. Tulitazama mlango ule ule.

Jumatatu, 15 Juni

Sandro ameacha dada. Anaitwa Pina, anaishi Wollongong. Mwanamke mzima, ana wajukuu. Carla ana namba yake miaka yote, hajathubutu kupiga. Nimemwambia, Carla, baba yako hataki chakula, anataka watu wa Sandro. Piga. Nilisema kama ninavyosema na Nasra akigoma kuvaa sweta. Akapiga. Akashindwa kuongea, akanipa mimi.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu, yeye akajibu kwa chake. Wageni wawili. Nikamwambia na kosa langu, kwamba niliitika kwa jina la kaka yake, na kwamba namtaka radhi kwa hilo kwanza, kabla ya la Mister. Akauliza, ulisema nini? Nikasema, abee, kwetu maana yake nipo, nasikiliza. Akavuta pumzi ndefu.

Akakata simu.

Carla analia garini. Mimi nimerudi ndani kubadilisha mashuka.

Jumanne, 16 Juni

Vibaya.

Haombi tena. Macho nusu. Nimempima mkono, kidole changu na gumba vinakutana. Meneja amesema kesho wananihamishia upande wa pili, eti nampa mzee msongo. Furaha ameniwekea chai.

Kabla sijatoka nimeinama sikioni kwake. Maneno yalikuwa mdomoni. Nimekusamehe, kula. Mawili tu. Nikaona nywele zake za kisogoni, nyembamba kama za mtoto mchanga, nikataka kuyasema zaidi ya nilivyotaka kitu chochote mwaka huu.

Nikasema: Mister, watu wa Sandro wamepata habari zako. Ngoja kidogo. Usiondoke.

Sijui nimefanya ukatili au nini. Sijala mimi mwenyewe leo.

Alhamisi, 18 Juni

Pina ametuma sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya Carla. Ya Kiitaliano. Carla amekuja mbio, ametukuta mimi na Furaha. Upande wa pili wamenisubiri nusu saa, na waniandikie onyo wakitaka.

Alimwekea Mister simu sikioni. Mimi sikuelewa neno, nilimtazama uso tu. Mwanzo akakunja. Halafu akafumbua macho, yote mawili. Mkono ukatafuta simu, akataka tena. Mara tatu.

Carla akanifasiria. Pina kasema: Mister, hapa ni Pina, dada wa Sandro. Sijakusamehe. Usinitumie tena watu wa kukuombea msamaha. Mama yangu alikufa akingoja uje mlangoni kwake, hukuja. Nataka nikuambie hayo nikiwa nakutazama. Nimefanyiwa upasuaji wa nyonga, siwezi safari sasa. Kwa hiyo kula. Nitakuja, na nataka nikukute.

Hakukuwa na msamaha hata kidogo mle.

Mister akanitazama. Akaniita. Sio Sandro. "Nesi," akasema, "leo kuna supu gani?"

Nusu bakuli. Furaha alikimbia jikoni kama anafukuzwa. Amekula polepole, anatetemesha kijiko mwenyewe, hakutaka nimlishe. Akimaliza kila kijiko anafuta mdomo, kama mtu anayekula mbele ya mgeni.

Jumapili, 21 Juni

Kimya nyumbani. Bakari na Nasra wamelala kwenye kochi mchana huu, miguu imechanganyika. Nimefua. Nje jua dogo la baridi.

Jina halijaniita tangu Alhamisi. Sisemi limeondoka.

Mister ameshika siku nne anakula. Meneja amenirudisha kwake, hakusema kwa nini. Mzee sasa ana maswali mengi na Carla ameniomba niyaandike, amtumie Pina. Pina amekubali kutuma sauti moja kila Jumatano mpaka nyonga ipone. Jana nimekaa nikafikiri vitu gani hasa bado tunavihitaji vije. Ni hivi:

Kutoka kwa Carla, soksi zisizobana, jozi tatu, na ile fulana ya sufu yenye vifungo mbele, maana mikono haiinuki tena.

Jibini ngumu ya kukuna juu ya supu. Ya dukani kwetu hapa anaitema.

Kutoka kwa Pina, sauti isizidi dakika mbili, Mister akichoka anasinzia katikati. Ataje jina lake mwanzoni, Mister asije akadhani ni marehemu mkewe.

Aseme mama yao aliitwa nani. Mister amesahau, na inamtesa.

Aseme kaburi la Sandro liko upande gani wa makaburi, karibu na nini.

Aseme mwezi atakaokuja, hata kama ni mbali.

Akiwa na hasira, azitume kama zilivyo, asizipunguze.

Na lile neno aliloliomba Mister, kama siku moja litakuwapo, alitume peke yake, lisichanganywe na habari nyingine.