Misa Ambayo Besi Tunanyamaza

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Huku Mkumbi hatujambo, bibi yako anakusalimu, kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza kati ya misa zote za Kilatini za sauti nne, ipi naipenda zaidi, na kwa nini. Umenitonesha!

Ujanani, mwalimu wa kwaya alitaka kila mmoja wetu achague moja ya kuimbwa sikukuu ya parokia. Nikachagua ile ambayo besi tunanyamaza ukurasa mzima.

“Mvivu wewe! Unachagua usiyoiimba?” Kwaya nzima ikacheka, mwalimu akaifuta ubaoni.

Mvivu mimi, niliyeshuka mlima kwa miguu kila Jumamosi kwenda mazoezini! Mpaka leo nachemka. Kwamba sauti yangu ni ya debe, nakubali. Lakini kwenye ukurasa ule tu ndipo nilipopata kuwasikia wenzangu.

Mwalimu hakuuliza kwa nini. Wewe ndiye wa kwanza.

Babu yako