Seattle au New Orleans, Usiseme "Popote"

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili nilipewa na daktari niandike presha. Presha ya leo: sijapima, naogopa.

Hata buti za theluji sijavua, Maureen kaweka vijitabu viwili mezani. Kimoja New Orleans — joto, kelele, watu wanacheza barabarani mchana kweupe. Cha pili Seattle — mvua, milima, watu wenye makoti wanakunywa kahawa kama dawa ya kikohozi. Kasema shule inafunga wiki ya mwisho ya mwezi (yeye ndiye mkutubi wa shule), mimi nina likizo ya Posta niliyoilimbikiza tangu mwaka juzi, na Tess, mtoto wetu wa pekee, kashakwenda chuo. Nyumba imekuwa kimya mpaka tunasikia friji ikipumua.

"Tunasafiri," kasema. "Wewe ndiye utakayechagua."

Nikajibu kama mume mwema: popote utakapo wewe, mpenzi.

Akaweka chini uma aliokuwa anapanga mezani. Polepole mno.

"Verlin, miaka ishirini na tisa nimeishi na Bwana Popote. Nimemchoka. Nataka kujua kama humo ndani kuna mtu mwingine."

Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipochagua, atakwenda peke yake, na hataniambia ni wapi.

Nimecheka. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ushauri kazini. Kosa kubwa!

Dwight, tunayepanga naye barua asubuhi, alinishika bega. New Orleans, mzee! Kambare wa kukaanga, kamba, mchuzi mzito, unakula mpaka mkanda unaomba msamaha. Nikashawishika kabisa. Nilipanda gari la barua nikiwa mtu wa New Orleans.

Saa sita mchana nikakutana na Bernice wa dirisha la vifurushi. Kanitazama magoti. "Na joto lile? Na miguu hiyo? Utarudi hapa Fort Wayne kama kifurushi." Seattle, akasema, kuna hewa. Nikashawishika kabisa. Mtaa wa mwisho niliugawia barua nikiwa mtu wa Seattle.

Nimefika nyumbani si mtu wa popote. Chakula cha jioni: jodari na tambi za oveni. Maureen hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechora mistari, safu mbili. New Orleans: chakula, muziki, jua. Seattle: samaki, milima, hakuna jua. Nikatoa alama. Sare! Nikaongeza "vyoo vya umma". Sijui lolote kuhusu vyoo vya umma vya mji wowote. Bado sare.

Nikarusha sarafu. Kichwa — New Orleans. Nikasema basi tufanye mara tatu. Kisha tano. Nilikuwa kwenye ya kumi na moja nilipogeuka nikamkuta Maureen mlangoni, kakumbatia kikapu cha nguo.

"Nani anaongoza?" akauliza.

"Bado mapema kusema."

Akapita na nguo zake. Mtu wa miaka hamsini na saba, nimejificha jikoni nacheza kamari na nafsi yangu, na ninashindwa!

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Tess. Nilijifanya nauliza hali ya masomo. Hakudanganyika hata dakika.

"Baba, usiniulize mama anataka nini."

"Sijauliza!"

"Ulikuwa unavuta pumzi ya kuuliza."

Kanikumbusha siku moja kwenye dirisha la aiskrimu, yeye ana miaka saba. Foleni nyuma yetu ilifika barabarani, watu wanaguna, na mimi bado nasoma ubao. Yeye ndiye aliyeniagizia. Kisha akasema, bila ubaya, "Hata jina langu ulimwachia mama."

Kweli. Nilisema majina yote ni mazuri.

Nimekata simu nikawaza: lazima kuna jambo moja nililochagua. Maureen! Maureen nilimchagua mwenyewe! Nikafurahi kama dakika mbili. Kisha nikakumbuka vizuri. Yeye ndiye aliyevuka ukumbi kunifuata kwenye dansi. Na siku ya posa tulikuwa ndani ya gari, nje ya gereji, tunasubiri watu wafungue. Akasema, "Nadhani tuoane." Mimi nikasema, "Sawa."

Sawa! Mtu anaombwa maisha yake yote, anajibu kama anayeulizwa kuhusu chumvi.

Sijapima presha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya barafu. Mchana nilikula mkate wangu ndani ya gari la barua, nikafungua kijitabu cha New Orleans ili tu nisitazame mvua. Ukurasa wa tisa kuna bendi ya matarumbeta inapita mtaani, na mbele kabisa mzee wa rika langu anapuliza tromboni, mashavu yamevimba kama maandazi. Nikashtuka mguu wangu unapiga mdundo kwenye sakafu.

Nilipiga tromboni miaka minne shuleni. Niliiuza tulipohitaji kitanda cha mtoto. Hakuna aliyeniambia niuze, na sikumwambia mtu kuwa iliniuma.

Basi. Nataka New Orleans. Nimeliandika, kisha nikatazama mlangoni kama nimeandika tusi.

Taabu ni kwamba Maureen anataka Seattle. Hajasema, lakini nina macho. Kijitabu cha Seattle kimekunjwa kona tatu na kina alama ya kikombe. Cha New Orleans kinanukia duka.

Na sasa nijiambie ukweli, maana humu hasomi mtu. Nilikuwa na miaka tisa, baba akachagua ziwa. Mama alitaka kwenda kwa dada yake. Mvua ilinyesha siku nne, hema likajaa maji, mbwa akaugua. Mama alimkumbusha ziwa lile mpaka mwaka aliokufa. Chumvi ikizidi kwenye supu, "Ee, kama ziwani." Mimi pale mezani nikajifunza somo langu: asiyechagua halaumiwi. Nikajiita mpole. Watu wakakubali! Kumbe upole wangu wote ni woga uliochana nywele.

Na Maureen ndiye aliyebeba lawama zote miaka ishirini na tisa. Nyumba yenye bomba bovu, yeye. Gari lililoungua injini, yeye. Mimi nilisimama kando na uso wa huruma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema!

Mkate wa nyama, viazi, njegere. Nilisubiri ameze. "New Orleans." Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Akaisukuma sahani kando.

"Kwa nini?"

Nikamweleza tromboni. Nikamweleza kitanda cha mtoto. Nikasema nataka kusimama kando ya barabara wapite karibu mpaka mate ya tarumbeta yanirukie. Sijui kwa nini nilisema mate.

Akaegemea meza. "Hukuniambia kamwe kuwa tromboni ile ilikuuma."

"Hukuuliza." Nikaona haraka lilivyo baya. "Sikusema," nikarekebisha.

Akafuta macho kwa kitambaa cha sahani. "Mimi nilitaka Seattle."

Nikafungua kinywa.

"Thubutu!" akasema, kidole juu. "Thubutu kusema twende Seattle, Verlin Stumpf, nakuacha na hizo njegere!"

Nikafunga kinywa. Nikala njegere zote, nami sizipendi. Tiketi kanunua kabla hatujaosha vyombo.

Presha: nimepima. Siandiki.

Jumamosi, 22 Machi

Uwanja wa ndege, Chicago, tunapobadilisha ndege. Tumekwama. Dhoruba kusini, ndege ya New Orleans haiondoki leo. Wanasema kesho jioni, labda Jumatatu, na mvua inaweza kukaa wiki nzima. Wiki nzima! Nimelisikia hema la baba likivuja kichwani mwangu.

Aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni karudi akitangaza: leo hii, baada ya muda wa saa mbili, kuna ndege ya Seattle yenye viti. Wanabadilisha bila malipo.

Nikamtazama Maureen. Alikuwa anausoma ubao wa safari, mstari ule ule wa "Seattle", midomo wazi kidogo kama mtoto. Alipoona namtazama akageuka haraka akaanza kutafuta kitu mkobani. Hakuwa akitafuta kitu.

"Mimi sisemi," akasema. "Safari ni yako. Utakalosema pale kwenye meza ya tiketi ndilo."

Naandika nimesimama, daftari juu ya sanduku. Nikisema Seattle, je, nampa zawadi au nakimbia tena? Nikisema New Orleans, je, nimekuwa mwanaume au nimekuwa baba yangu na ziwa lake? Laiti Dwight na Bernice wangekuwa hapa — la! Wasiwepo. Potelea mbali Dwight na Bernice.

Amebaki mtu mmoja mbele yetu, mama mwenye paka kwenye kikapu. Maureen ananichungulia begani.

"Unaandika nini?"

"Jibu."

"Nionyeshe."

Nimeufunika ukurasa kwa kiganja. Nimemwambia atalisikia nikilisema, pamoja na yule binti wa mezani. Amenikodolea macho. Tangu siku ile ya gereji, leo ndiyo mara ya kwanza hajui nitasema nini. Amenyoosha kola ya koti langu, ameacha mkono palepale shingoni.

Mama wa paka anaondoka. Binti anainua kichwa, anauliza tunakwenda wapi. Maureen ameuma mdomo asijibu. Mimi nafunga daftari ili nijibu.