Mayai Saba ya Bwawani

Mama,

Maharage yameiva. Usiongeze chumvi, nimeshatia.

Asubuhi uliniuliza, "Huko bwawani kila siku ya likizo, mwanangu, unafuata maji au kijana?" Kaka akacheka mpaka chai ikampalia. Lakini kicheko chake si ushahidi.

Ninayemfuata ni bata mwitu anayeatamia mayai saba kwenye matete. Leo ni siku ya ishirini na saba, kwa hiyo huenda yakaanguliwa. Daftari langu lina tarehe zote. Nimeliacha hapa mezani, lisome.

~~Sirudi kula mchana.~~ Nitarudi saa nane kukuchukua, ukajionee mwenyewe. Viatu vyako vya kutembelea nimevipiga brashi, viko mlangoni.

Kaka abaki aoshe vyombo.

Kitinda mimba wako