Nimekalia Koki ya Ploti Nzima

Jumamosi. Jua kali, na nina hasira.

Huku mtaa wa Utawala maji ya mfereji huja Jumamosi tu. Ploti yetu ina orofa nne, na yakifika kila mtu humshukuru Mungu na kutoa mablanketi ya kufua. Mimi wa chini kabisa hushika kitambaa cha kupangusa. Maji machafu ya wote huishia kwenye tangi moja la maji taka nyuma ya ukuta wangu, na tangi likijaa, hayarudi kwao. Yanarudi kwangu.

Dalili zilikuwepo. Choo changu kilianza kunguruma kila mtu wa juu akioga. Maji ya bafu yakawa hayaendi, yananifika kwenye vifundo vya miguu. Kisha nyasi juu ya tangi zikanawiri, na kwingine kote ni vumbi. Wiki tatu namwambia Mutiso, keateka wetu, mwangalizi wa ploti.

"Mama Wanja, mwaga tu dawa ya choo kidogo. Hiyo tangi ni kubwa, haiwezi jaa."

Nami nikamwaga. Hilo ndilo linaniuma. Nilijua, lakini sikutaka kuitwa mpangaji msumbufu, basi nikaifunika harufu na kunyamaza.

Leo asubuhi maji meusi yalipanda kutoka shimo la bafu, yakavuka kizingiti, yakafika kwenye mkeka. Wanja ana miezi minane, ameanza kutambaa juzi. Nilimkuta anayapiga kwa viganja, anacheka, mkono unaelekea mdomoni.

Nilimwahi.

Mutiso alikuja, akachungulia, akaniuliza kama nimemwaga mafuta ya kupikia.

Nilimwosha mtoto, nikamfunga mgongoni, nikaenda nikafunga koki kuu. Halafu nikakaa juu ya kifuniko chake.

"Nani amefunga maji? Niko na sabuni kwa kichwa!"

Ni Mama Brayo wa orofa ya nne, akishuka na taulo, amenuna. Nilimwonyesha mlango wangu. Aliingia. Alipotoka, alimgeukia Mutiso.

"Pigia mwenye ploti simu. Saa hii, tukiskia."

Mwenye ploti anasema lori la kunyonya maji taka litakuja Jumatatu, tuvumilie. Mama Brayo amevuta ndoo akaketi kando yangu, povu linamkaukia kichwani.

Naandika haya kwa simu. Wengine wanauliza nitafungua saa ngapi.

Mtoto wangu hataonja uchafu wa orofa nne ili watu wafue mablanketi. Nitasimama nikiliona lori getini.