Kisogo cha Mzee Bushiri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza, mbele yako na mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, Bara na Visiwani, natangaza rasmi kwamba tarehe tisa mwezi wa Februari nilikipiga picha kisogo cha Mzee Bushiri, na kikatoka vizuri sana.

Mimi ni fundi baiskeli Mtaa wa Narung'ombe, kupiga picha ni mapenzi tu, sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwenye kitabu kikubwa cha Kijerumani nilichokikuta kwenye meza ya vitabu vikuukuu pale Msimbazi, na Kijerumani sikijui hata salamu, lakini picha hazihitaji mkalimani, kila nikifunua, mkono wa kushoto naona picha ya ajabu, mtu amekatwa kichwa, au kivuli kitupu ukutani, au mgongo wa mwanamke anayeondoka, na mkono wa kulia zipo za kawaida tu, watu wamekaa wima wanakutazama, hizo nikawa nazipita haraka kwa sababu hata yule mpiga picha za vitambulisho wa mtaani kwetu anaziweza, basi kwa miezi minane, maana filamu zilikuwa hazipatikani, nilizunguka Kariakoo na kamera isiyo na kitu nikizipiga zile za kushoto kwa macho, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nitoke Masasi.

Sasa posa yangu kwa Siwema ikajibiwa, na kama ujuavyo mchumba haingii kwenye kikao cha posa, lakini mpiga picha anaingia, kwa hiyo nikaingia na kamera, na filamu moja ya picha kumi na mbili niliyoipangia foleni mara mbili, na mama yake Siwema, Bi Mwanamkuu, alikuwa amemwita kaka yake, Mzee Bushiri, kutoka Kilwa, siku mbili njiani, nami nikafuata kitabu, nikapiga jozi saba za viatu mlangoni, mvuke wa birika, mkono wa Siwema umeshika pazia, vivuli vya wazee mkekani, na Mzee Bushiri nikamzunguka kwa nyuma, kofia na shingo, jua la dirishani limeingia kwenye kila kunyanzi.

Picha zilipotoka, Bi Mwanamkuu alizipitia moja moja. Mara ya pili akavaa miwani.

"Mwanangu Shaibu, watu wako wapi?"

"Wamo, mama. Viatu vyao si hivi hapa?"

"Na huyu nani?"

"Mzee Bushiri."

"Kaka yangu mimi namjua kwa uso. Kisogo hiki hata muuza kahawa anacho."

Akasema siku ya ndoa haitatajwa mpaka aione sura ya kaka yake, na kaka yake ameshapanda basi kurudi Kilwa, na Siwema naye ameichukua ile ya viatu, ameiweka ndani ya daftari analofundishia darasa la elimu ya watu wazima, anasema hajapata kuona picha nzuri kama hiyo, nami nakubaliana naye kabisa, sasa je, nimwombe mama radhi au nimwelimishe? Jina la kitabu nimelinakili hapa chini, pengine litawafaa na wengine.

Shaibu, Kariakoo.

Ndugu Shaibu,

Kumwelimisha mama mkwe ni kazi ambayo hata hilo darasa la Siwema halijaithubutu. Mwombe radhi, tena leo.

Pole, na hongera pia. Umepata mchumba anayeona uzuri kwenye viatu kumi na vinne. Wengi wanaoniandikia wana wachumba wasiowaona hata wao wenyewe. Jicho unalo. Kilichokupungukia ni adabu kidogo. Mzee wa watu amekaa siku mbili ndani ya basi, kanzu imepigwa pasi, uso kauandaa, nawe unamwendea kwa nyuma kama unayemvizia kuku. Halafu fikiri: Bi Mwanamkuu amesamehe viatu, amesamehe mvuke, amesamehe vivuli, akakasirikia kisogo kimoja. Ulimuuliza ana picha ngapi za kaka yake? Mimi nadhani hana hata moja.

Tafuta filamu. Ukiikosa, nenda kwa huyo mpiga picha za vitambulisho unayemdharau. Akishamaliza kukucheka atakusaidia. Panda basi la Kilwa wiki hii hii, maana masika yakikutangulia Rufiji hupiti. Ukifika, shikamoo kwanza, kamera baadaye. Mweke mzee kwenye kiti, nje, asubuhi, mwili mzima mpaka viatu, macho kwako. Usimwambie atabasamu, yeye si mtoto. Piga mbili, moja ya kumpa dada yake na moja abaki nayo mwenyewe. Kumi zitakazobaki, piga visogo vya Kilwa nzima ukipenda. Ukirudi, mpe mama picha yake kwa mikono miwili, kisha unyamaze.

Kuhusu kitabu, jirani yangu Severa alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwa watawa wa Kijerumani kule Songea, nikampelekea lile jina ulilolinakili. Amenisomea mara mbili. Kinaitwa *Makosa Kushoto, Sahihi Kulia*.