Picha Iliyobaki Kabatini

Itigi, 9 Machi 2025

Mwanangu Peniel,

Hujambo huko ughaibuni? Sisi wazima, isipokuwa huu moyo wangu unaodunda unavyotaka wenyewe. Nasema mimi, anaandika dada yako Ritha, kisha ataipiga barua picha akutumie kwa simu.

Umesema hiyo meli ya vita unayoisafisha imefungwa gatini, na watu wanalipa kuingia kutazama picha za askari waliosafiri nayo wakati wa Vita vya Pili. Nitafutie baba yangu Alute. Alipanda treni hapa Itigi kwenda vitani nikiwa tumboni, hakuonekana tena. Shangazi yangu Klara anasema sikio lake la kushoto liling'atwa ncha na fisi utotoni. Nina miaka themanini na mbili na sijawahi kumlilia baba. Naogopa nitakufa hivi.

Mama yako

30 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, nalalamikia baridi tu. Dawa unameza, au unamdanganya Ritha?

Nimempata! Siku zote nafuta vumbi kwenye kioo chake na simjui. Yuko sitahani na wenzake, ameshika kikombe, anacheka, na sikio halina ncha. Nakutumia. Mwonyeshe bibi Klara.

Mwanao, Peniel

6 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Klara aliweka kidole kabla hata hajavaa miwani. "Kaka yangu huyu, mwone anavyojidai!" Tulicheka, tukalia.

Sasa waulize wenye meli alishuka wapi. Kama alioa huko akazaa, sina kinyongo, niambie tu nina ndugu. Ila kama alikufa, usiandike. Unajua ukoo wetu: habari ya kifo haiji kwa barua wala kwa simu. Huileta mtu aliyemwona marehemu, akasimama mlangoni na kuitamka kwa mdomo wake. Bila huyo wazee hawaruhusu matanga. Ndiyo maana bibi yako alizeeka, akazikwa, hajaitwa mjane hata siku moja. Nisaidie, mwanangu. Nimechoka.

Mama yako

18 Mei

Peniel,

Salamu nakupa, ingawa hujajibu. Juzi nilianguka jikoni, Ritha akaninyanyua. Simu inalia namtuma akimbie, kumbe ni watu wengine.

Kimya chako nimekielewa. Najua pia huna kibali, ukitoka huko hawatakuruhusu kurudi. Sikuombi uje. Kaa na kazi yako, mimi nitazikwa hivi hivi kama mama yangu. Lakini roho inaniuma, sitakuficha.

Mama yako

25 Mei

Mama, shikamoo.

Pole kwa kuanguka, na unisamehe. Mwanamke anayetunza picha za melini alinitolea nyingine kutoka kabatini, haitundikwi ukutani. Nyuma yake kuna jina la babu. Yaliyomo siandiki, umenikataza. Nimeitazama mpaka hata nikifumba macho namwona. Kila nikishika simu nikuandikie, naiweka chini.

Nimeacha kazi. Huku sirudi tena. Hilo nimelililia peke yangu, limekwisha. Nashuka Itigi Ijumaa. Msinipokee stesheni, wala msipike. Waite wazee wa ukoo, na bibi Klara awe karibu yako.

Ukinisikia nabisha hodi usinikaribishe, Mama. Kaa chini kwanza.

Mwanao, Peniel